Safi, Fifi, na Nani Ameshika Tochi

Kama umezaliwa baada ya mwaka 2000, "safi" kwako ni jibu la "mambo vipi", na "fifi" huenda hujawahi kulisikia kabisa. Muulize mzee yeyote hapa Kendu Bay aliyewahi kulima pamba, atakueleza hapo hapo. Pamba safi ilikuwa ile nyeupe, iliyochanuka vizuri, haina doa wala majani makavu. Pamba fifi ilikuwa ya manjano, imenyeshewa ama imeguswa na wadudu. Safi ilikuwa na bei yake na fifi bei yake, na tofauti ya hizo bei mbili ndiyo iliyoamua kama mtoto ataenda shule Januari ama atabaki nyumbani kuchunga mbuzi.

Swali langu leo ni moja: nani alikuwa anaamua kwamba hii ni safi na hii ni fifi?

Jibu ni jicho la mtu mmoja, karani wa kituo cha kununulia. Nataka niwapitishe kwenye historia ya jinsi dunia ilivyochoka kutegemea jicho la mtu mmoja, ikaweka mwanga mahali pake. Sayansi yenyewe inaitwa spektroskopia. Usiogope jina. Maana yake ni kupima kitu kwa kuangalia mwanga unaotoka ndani yake, ama ule unaorudi ukikimulika. Chuma, ngano, damu, udongo, mbolea: kila kitu kina namna yake ya kumeza na kurudisha mwanga, na namna hiyo ndiyo alama yake ya kidole.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mwanga haudanganyi, lakini unamfanyia kazi aliyeushika. Sisi watu wa kando ya ziwa tumemulikwa sana. Tochi yenyewe bado hatujaishika.

Jicho la karani

Enzi za mkoloni Nyanza ilisukumwa ilime pamba. Majineri, yaani viwanda vya kutenganisha nyuzi na mbegu, yakajengwa kando ya ziwa, na Kendu Bay na Homa Bay hazikuachwa nje. Pamba ikitoka hapa ilipanda meli kwenda Kisumu, kisha reli hadi Mombasa, kisha ng'ambo. Mnyororo wote huo mrefu ulianza na mtu mmoja aliyeingiza mkono ndani ya gunia.

Nyanya yangu, sisi tunamwita dani, alilima pamba hiyo kabla jineri nyingi hazijazima. Anasema walikuwa wanaichambua usiku kwa mwanga wa koroboi, safi huku, fifi kule, watoto wote wakisaidia. Asubuhi unajitwika gunia hadi kituoni. Karani anachota ngumi moja, anaiangalia sekunde mbili, anasema "fifi". Kazi ya usiku mzima imekwisha hapo. Anasema bei iliuma, lakini kilichouma zaidi ni kwamba karani hakuhitaji kueleza. Ukiuliza, anakwambia rudi nayo nyumbani. Na gunia la pamba kulibeba kurudi nyumbani si mchezo.

Tuwe wa haki kidogo. Si kila karani alikuwa mwizi. Jicho la binadamu ni chombo kibovu cha kupimia. Pamba ile ile ukiiangalia saa sita mchana na ukiiangalia jua likizama, rangi inabadilika. Ukiwa umeangalia magunia mia moja tangu asubuhi, la mia na moja hulioni kama ulivyoliona la kwanza. Basi ugonjwa wenyewe ulikuwa huu: hakukuwa na njia yoyote ya kumwonyesha karani kwamba amekosea, ama kwamba anaiba. Uamuzi wake haukuacha alama popote.

Marekani nao walikuwa na shida hiyo hiyo kwenye pamba yao. Kufikia miaka ya 1990 walikuwa wanaipima kwa mashine inayomulika sampuli na kusoma vitu viwili: imerudisha mwanga kiasi gani, na ina umanjano kiasi gani. Hiyo ni safi na fifi, bana, ila imeandikwa kwa namba. Ukipima asubuhi ama jioni, namba ni ile ile, na kama unabisha, unapima tena.

Moto wa Sheffield

Lakini hadithi haikuanzia kwenye pamba. Ilianzia kwenye chuma.

Mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alitangaza njia mpya ya kutengeneza chuma cha pua. Chuma kibichi kilichoyeyushwa kina kaboni nyingi sana, kwa hivyo kinavunjika kama biskuti. Bessemer akapuliza hewa ndani yake, kaboni ikaungua na kutoka. Kazi yote inachukua kama dakika 20, na mdomo wa tanuru unatoa moto wa kutisha. Shida ilikuwa kujua wakati wa kusimamisha. Ukiacha mapema, kaboni imebaki nyingi. Ukichelewa sekunde chache tu, umeharibu tani kadhaa za chuma. Kwa hivyo kiwanda kizima kilitegemea fundi mmoja mzoefu aliyesimama pale akiangalia rangi ya moto, mpaka aseme "sasa".

Unaona? Karani wa pamba, ila huyu anafanya kazi kwa faida ya kiwanda.

Wakati huo huo kule Heidelberg, Ujerumani, marafiki wawili, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, walikuwa wamegundua jambo zito. Kati ya mwaka 1859 na 1860 walionyesha kwamba kila elementi ikichomwa inatoa mistari yake ya rangi, na haifanani na ya elementi nyingine. Wakatumia mwanga huo kugundua elementi mbili ambazo hakuna mtu alikuwa anazijua, sizi na rubidi. Wengi walidhani hayo ni mambo ya maprofesa na nyota.

Mwingereza mmoja aliyekuwa amesoma kwa Bunsen, Henry Roscoe, akaichukua ile sayansi akaipeleka kiwandani. Mwaka 1863 aliripoti alichokiona alipoelekeza spektroskopu kwenye moto wa Bessemer huko Sheffield. Kaboni ikiwa bado inaungua, kuna mistari ya kijani inaonekana wazi. Kaboni ikiisha, mistari inapotea kwa ghafla. Hapo ndipo pa kusimamisha hewa. Huhitaji tena kubahatisha rangi ya moto.

Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipogeuka. Ni moja ya mara za kwanza kabisa mwanga kuajiriwa kama mkaguzi wa kiwanda, na uamuzi ukaanza kutoka kwenye kichwa cha mtu mmoja kwenda kwenye ishara ambayo mtu yeyote aliyesimama pale anaweza kuiona. Leo viwanda vya saruji, vya chuma, vya dawa na vya maziwa duniani kote vinatumia wajukuu wa kile kifaa kila siku, vingine vikipima mali ikiwa bado inatembea kwenye mtambo.

Lakini angalia nani aliyefaidika kwanza. Ni mwenye tanuru. Kumbuka hilo.

Mayai, ngano, na sheria ya Kanada

Kuna mwanga usioonekana. Mwaka 1800 William Herschel alitandaza mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kimoja akakiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu. Hicho ndicho kilichopanda zaidi. Huo ni mwanga wa infraredi, na uzuri wake ni kwamba molekuli za maji, mafuta na protini zinaumeza kila moja kwa namna yake.

Kwa zaidi ya miaka mia, wengi hawakuona matumizi yake kwenye chakula. Kisha akatokea mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Karl Norris. Alianza na mayai katika miaka ya 1950: unawezaje kujua yai lina doa la damu ndani bila kulipasua? Unalipitisha kwenye mwanga na kusoma kilichotoka upande wa pili. Katika miaka ya 1960 akahamia nafaka, akaanza kupima unyevu, kisha protini na mafuta, kwa infraredi iliyo karibu na nyekundu.

Zamani ukitaka kujua protini ya ngano ulitumia njia ya Kjeldahl, ya mwaka 1883. Unaichemsha sampuli kwenye asidi kali, unasubiri saa nzima na zaidi, mvuke mbaya, hatari kibao. Mwanga wa Norris unatoa jibu haraka, bila asidi, na ngano inabaki ngano. Mwaka 1975 Tume ya Nafaka ya Kanada ikaiweka njia hiyo kuwa ya kazi rasmi kwenye kupima protini ya ngano.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu watu wengi wakisimulia historia ya teknolojia wanaruka sehemu hii. Kanada haikuanza na mashine. Ilianza na hasira. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa ngano kule magharibi walikuwa wanalia kilio cha dani: wenye maghala wanatupunja kwenye mizani na kwenye daraja. Wakajipanga, wakapiga kelele, na mwaka 1912 ikapitishwa Sheria ya Nafaka ya Kanada iliyounda chombo cha serikali cha kusimama katikati ya mkulima na mnunuzi. Chini ya utaratibu wao, mkulima asipokubali daraja alilopewa na ghala, sampuli inafungwa na kutumwa kwa tume, na uamuzi wa tume ndio unaohesabika.

Kwa hivyo mwanga ulipofika mwaka 1975, ulikuta haki ya kubisha iko tayari. Mashine ikaingia kwenye mikono ya refa, haikuingia kwenye mikono ya timu moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya teknolojia inayokusaidia na teknolojia inayokuhesabu tu.

Klipu ya kidoleni

Kabla sijarudi nyumbani, kuna jambo moja la kuelewa kuhusu hizi mashine. Wengi wenu mmeshatumia spektroskopia bila kujua. Ile klipu waliyokubana nayo kidole wakati wa korona kupima oksijeni? Ni hiyo hiyo. Inapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole, na kwa kuwa damu yenye oksijeni inaumeza mwanga tofauti na damu isiyo nayo, inahesabu asilimia. Wazo lake lilitoka kwa Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970.

Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha jambo la kushtua. Walilinganisha namba za klipu na vipimo halisi vya damu, wakakuta kwamba kwa wagonjwa weusi, klipu ilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyokosa kwa wagonjwa weupe. Mgonjwa anaishiwa hewa, mashine inasema yuko sawa.

Mwanga haukuwa mbaguzi. Shida ni kwamba mashine ya mwanga haijui kitu peke yake. Lazima ifundishwe kwanza: hii kurasa ya mwanga maana yake ni asilimia hii, ile maana yake ni ile. Ukiifundisha kwa ngozi za watu wa aina moja, itawasoma wengine vibaya, na itasema kwa ujasiri ule ule. Ni hivyo hivyo kwa ngano, kwa udongo na kwa mbolea. Mashine iliyofundishwa kwa udongo wa Uholanzi ukiileta Karachuonyo itakupa namba nzuri sana za uongo.

Udongo wa Nyando ulivyoenda shule

Sasa turudi ziwani, na hapa kuna hadithi ambayo ilinifanya nitabasamu nilipoijua, kwa sababu ni ya kwetu.

Mto Nyando unashuka kutoka milimani, unapita tambarare za Kano, unamwaga maji kwenye Ghuba ya Winam, ghuba hii hii tunayovulia omena. Mvua ikinyesha, mto unageuka rangi ya chai ya maziwa, na tope lile linaonekana hadi kwenye picha za setilaiti. Ule si uchafu tu. Ni mashamba ya watu yanatembea kwenda ziwani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, watafiti wa kituo cha kilimo-misitu cha kimataifa, ICRAF, chenye makao yake Gigiri, Nairobi, walikuwa wanachunguza mmomonyoko huo wa Nyando. Kupima udongo wa bonde zima kwa kemikali kungewafilisi na kuwachukua miaka. Wakageukia mwanga. Unakausha udongo, unausaga, unauweka kwenye kikombe kidogo, unaumulika, unapata mstari wenye milima na mabonde. Mstari huo umebeba habari za udongo wa mfinyanzi, kaboni na mengine mengi.

Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh wa ICRAF wakachapisha kazi iliyokuja kuwa maarufu: maktaba ya mwanga ya zaidi ya sampuli 1,000 za udongo wa juu kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Wazo ni rahisi. Sehemu ya sampuli unaipima kwa kemikali za kawaida, unaifundisha mashine, kisha zilizobaki unazisoma kwa mwanga peke yake. Kadiri maktaba inavyokua ndivyo mashine inavyozidi kuujua udongo wetu.

Angalia kilichotokea hapo. Mashine ilifundishwa kwa udongo wa Afrika, na Waafrika walikuwa ndani ya maabara. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa habari za udongo wa Afrika, AfSIS, ukaisambaza njia hiyo, na nchi kama Ethiopia, Tanzania, Ghana na Nigeria zikawa na miradi yao. Matunda yake ni pamoja na ramani ya udongo ya bara hili iliyogawanywa vipande vya mita 30 kwa mita 30, ambayo unaweza kuifungua kwenye simu yako bure.

Haina maana kwamba mwanga unajua kila kitu. Infraredi inasoma vizuri kaboni, mfinyanzi na hata asidi ya udongo, lakini fosforasi na potasiamu ile mmea unaweza kunyonya, hapo inabahatisha sana. Mtu akikuuzia skana akasema inasoma kila kitu kwa sekunde 30, muulize ilifundishwa kwa udongo wa wapi. Akikosa jibu, weka pesa yako mfukoni.

Lakini hebu fikirieni. Kufikia mwaka 2002, uwezo wa kumulika kitu na kujua kilichomo ulikuwa tayari Nairobi, ukisukumwa na tope la kutoka kwetu.

Kisha ukaja mwaka 2024

Mnakumbuka. Mvua za masika zinaanza, wakulima wameshapata mbolea ya ruzuku ya serikali, shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, kupitia maghala ya NCPB. Machi, waandishi wa Africa Uncensored wakaanika habari kwamba kwenye baadhi ya magunia hayo hakukuwa na mbolea ya maana. Ilidaiwa ni vumbi la mawe lililofungwa vizuri. KEBS ikasimamisha baadhi ya vibali. Mei, Bunge likapiga kura kumwondoa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi, kisha kamati maalum ikasema madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Julai akaenda nyumbani pamoja na baraza karibu lote la mawaziri, wakati vijana wamejaa barabarani.

Kwenye kelele zote hizo, mjadala mkubwa ukawa wa Kiswahili na Kiingereza: je, hiyo mbolea ni "feki" ama ni "isiyofikia viwango"? Mahindi hayakungoja tafsiri. Mkulima aliyeweka vumbi shambani alipoteza msimu. Msimu haurudishwi kama chenji. Ukiupoteza, umepoteza chakula cha nyumba, na karo, na mbegu za mwaka unaofuata.

Kilichonikera mimi ni hiki. Ili apate gunia lile, mkulima alisajiliwa. Walichukua kitambulisho chake, namba ya simu, na ekari zake, kisha akatumiwa vocha kwa ujumbe wa simu. Mkulima alikaguliwa kutoka kichwani hadi kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Gunia likapita.

Na kulikagua si jambo la muujiza. Ukilenga mbolea kwa kile kifaa cha eksirei kinachoshikwa mkononi kama bunduki, elementi zinarudisha mwanga wao, na kifaa kinakusomea fosforasi na potasiamu. Naitrojeni haikioni, ni nyepesi mno. Hapo ndipo infraredi inaingia, kwa sababu yurea na amonia zina alama zinazoonekana wazi. Na kama umewekewa vumbi la mawe, silika yake inajianika kwenye vyote viwili. Huwezi kuificha. Si lazima upime kila gunia, unachukua sampuli chache kutoka kila kundi kabla halijatoka ghalani, na zile zinazotia shaka unazipeleka maabara kamili zikathibitishwe. Roscoe alikuwa anasoma moto kwa wazo hilo hilo mwaka 1863.

Najua kuna msee atasema: hizo mashine ni ghali. Ni kweli si bei ya smokie. Lakini hesabu vizuri. Ghala moja linahudumia maelfu ya wakulima. Na viwanda vikubwa vinavyonunua mali ya mkulima huwa havilalamiki kuhusu bei ya vipimo. Wakati wa kununua, maziwa yako yanapimwa mafuta, mahindi yako yanapimwa unyevu, na ukikosa kiwango unarudishwa nayo. Mkulima akiuza, anakutana na mashine. Mkulima akinunua, anaambiwa atumie macho. Hakuna mtu aliyepitisha sheria kwamba iwe hivyo. Imekuwa tu, kwa sababu mashine huwekwa pale mwenye pesa anapoogopa kupunjwa.

Tochi ikabidhiwe nani

Historia hii inanifundisha kwamba kununua mashine ni hatua ya mwisho. Kanada walipata chombo cha kusimama katikati mwaka 1912, mwanga wakapata 1975. Sisi tunapenda kwenda kinyume: tunazindua mashine kwa utepe na picha, kisha inakaa ofisini imefunikwa kitambaa, kwa sababu hakuna sheria inayomlazimisha mtu yeyote kumwonyesha mkulima ilichosoma.

Kwa hivyo mimi siombi teknolojia. Teknolojia ipo, na sehemu yake ilizaliwa kwa tope letu. Naomba mambo matatu ya kawaida kabisa. La kwanza, kila kundi la mbolea ya ruzuku lipimwe kabla halijatoka ghalani, na namba zibandikwe mlangoni kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji: naitrojeni kiasi hiki, fosforasi kiasi hiki, iliahidiwa kiasi hiki. La pili, anayepima asiwe anayeuza. Ushirika, chuo, ama kaunti, lakini si muuzaji. La tatu, mkulima akibisha, kuwe na sampuli iliyofungwa inayoweza kupimwa tena mahali pengine. Hilo la tatu ndilo dani hakuwahi kupewa, na bila hilo hata mashine ya mamilioni ni karani mwingine, ila huyu ana waya.

Na kwetu sisi tusiolima, tunaokula ugali tukiangalia video, hili linatuhusu pia. Bei ya unga mjini inaanzia kwenye lile gunia. Vijana waliofanya sayansi, na hata sisi tuliotoka chuo katikati ya safari, tunaweza kujifunza kuendesha hivi vifaa. Kusoma mstari wa mwanga si kugumu kuliko kuhariri video. Kaunti ya Homa Bay ina vijana wa kutosha wanaotafuta kazi, na maghala ya kutosha yanayohitaji mtu wa kusimama mlangoni akiwa na tochi.

Ila tusingoje hadi mashine ije. Msimu ujao mzazi wako akienda kuchukua mbolea, mwende pamoja. Mkifika dirishani, muulizeni yule wa ghala kwa heshima: kundi hili lilipimwa wapi, lilipimwa siku gani, na karatasi yake iko wapi? Kama hana, piga picha namba ya kundi iliyo kwenye gunia, na uchote mikono miwili ya ile mbolea uifunge kwenye chupa kavu, na tarehe juu yake. Mahindi yakikataa, utakuwa na kitu cha kuweka mezani.